Masizi, Nguruwe Uliyeniachia

Iyunga,
Mbeya, Tanganyika.
Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili 1956.

Mpendwa dada yangu Tusekile,

Shikamoo dada. Kabla sijasema lolote nataka kukuuliza, kifua chako kimepona? Danieli alituambia ulikuwa unakohoa siku alipokuaga huko Kitwe, na tangu aseme hivyo, kila mtu akikohoa kanisani nageuka kumtazama. Shemeji Saulo hajambo? Na vile vidole vyake vilivyobanwa na gari la mawe mgodini, vinakunja ngumi sasa? Sedekia na mdogo wake wanakua? Mimi nikiwaota huwa ni wadogo vilevile kama mlivyoondoka, mmoja mgongoni kwako na mmoja anavuta nguo yako akililia muwa.

Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe. Yudith ameota jino la kwanza wiki iliyopita, na wa kwanza kuonjeshwa ni mimi mama yake. Nilipiga kelele hadi mume wangu Anyitike akaja mbio kutoka shambani na jembe mkononi. Anyitike naye mzima, bado ana kibarua chake cha barabara. Mvua ya mwaka huu ni nyingi. Mahindi yamenifika kifuani, lakini maharage ya bondeni yameoza.

Kitambaa ulichompa Danieli kimefika, na sabuni zote mbili. Nilimshonea Yudith gauni, na kipande kilichobaki nimekiweka sandukuni pamoja na kile kitambaa cheusi cha mama cha kichwa. Ndaga fijo, asante sana, dada. Sabuni moja bado sijaifungua. Nainusa tu.

Sasa kaa vizuri, maana habari yenyewe ni ndefu, na katikati yake kuna mahali nimekukosea.

Barua yako ilifika siku ya Jumapili, mwisho wa Februari. Unajua kwetu barua ya mtu wa mbali haifunguliwi pembeni kama wizi. Nilimngoja Anyitike, nikamwita baba mdogo Andendekisye, naye akaja amevaa koti kama anakwenda barazani. Majirani wawili wakaingia. Mimi nikasimama karibu na dirisha, nikaanza kusoma kwa sauti, nikifurahi mno kwa kuwa siku hizi nasoma bila kuweka kidole chini ya maneno.

Kosa langu ndilo hilo. Ningeipitia kwanza kwa macho! Lakini mdomo ulitangulia. Nilikuwa nimekwisha kusema, "Masizi mchinjeni Pasaka, msinitunzie tena, sisi tumepata nyumba ya matofali na bomba la maji liko uani, hatuna haraka ya kurudi," ndipo moyo ukaelewa nilichosoma. Kidole kikarudi chini ya maneno.

Baba mdogo akasema, "Mama Yudith, mbona umekwama? Endelea."

Nikaendelea, "Kichwa mpeni baba mdogo."

"Rudia hapo."

"Hapo wapi, baba?"

"Hapo pa kichwa."

Watu wakacheka sana, hata Anyitike. Mimi nilijifanya kucheka, kisha nikaenda jikoni nikasema moshi umeniingia machoni.

Dada, labda huko mjini mtu husahau upesi. Nikukumbushe alivyotufundisha mama. Mwanamke anayehamia mbali humwacha nguruwe wake jike kwa ndugu wa tumbo moja. Jike huyo akiwa anakula, watu husema, fulani bado ana kwao. Siku akichinjwa na nyama ikagawanywa, hakuna anayeuliza tena huyo mtu atarudi lini. Mama mwenyewe alipoolewa aliacha jike wake Rungwe kwa mdogo wake, na kila mwaka baada ya mavuno alikwenda kumwona. Unakumbuka? Alikuwa anasema anakwenda kumwona nguruwe. Hakusema anakwenda kumwona mdogo wake, ila sote tulijua.

Tangu siku ile ya barua sijaacha kumkumbuka mama. Namwona jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, amebeba ungo wa majani ya viazi, anaita chu, chu, chu, na wale weusi wadogo wanatoka vichakani mmoja mmoja, masikio yamesimama, mikia inacheza. Hakuwahi kuwahesabu kwa kidole. Alisema ukimhesabu mnyama kwa kidole unamwonyesha chui njia. Aliwahesabu kwa sauti zao.

Unakumbuka ile sufuria yao iliyotoboka ubavuni? Viazi vya nguruwe, vile vidogo vyenye kutu, vilichemshwa humo pamoja na maganda, na mimi na wewe tulikuwa tunavichomoa vikiwa moto, tunavihamisha mkono huu mkono huu. Vilikuwa vitamu kuliko vya chungu chetu. Mama akitukuta hakutupiga. Alisema tu, "Endeleeni, mwezi huu mtaota mikia." Wewe usiku ulinikagua kweli mgongoni, ukaniambia umeanza kuota, nikalia mpaka asubuhi. Dada, hilo sijakusamehe.

Na baridi ya Juni. Mama akituruhusu kuingiza miguu kwenye nyasi za vitoto vilivyozaliwa, tunakaa pale kibandani tumejifunga shuka moja, tunasikia vinavyonyonya. Nikifumba macho nasikia joto lile miguuni. Hata Masizi nilimpokea akiwa hivyo, mweusi kama jina lake, anaenea kwenye kikapu. Ulinikabidhi mbele ya lori lililokuwa linawapeleka Tunduma. Ukaniambia, "Damari, usimpe chumvi nyingi." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Lori likaondoka.

Basi, siku ya kuchinja ikapangwa, Jumamosi kabla ya Pasaka. Mimi sikuweza kubishana na baba mdogo mbele ya watu, wala na neno lako lenye mwandiko wako. Lakini lipo jambo moja ambalo hata baba mdogo na tamaa yake ya kichwa hawezi kulivuka. Jike mwenye mimba hachinjwi.

Tabu ni kwamba Masizi hakuwa na mimba.

Na hilo pia ni kosa langu, nakueleza lote. Mwezi wa Januari alikuwa anataka dume, nikaziona dalili zote. Siku hiyohiyo jirani alikuwa amemaliza pombe ya arusi, akanipa ndoo nzima ya machicha. Nikaona bahati. Nikammiminia yote kwenye gogo lake la chakula, sikuyaacha yapoe wala sikuchanganya na pumba. Dada, alilewa! Alizunguka banda mara tatu, akaegemea ukuta, akalala siku mbili anakoroma kama mjomba wa arusi mwenyewe. Alipoamka hamu ya dume ilikuwa imekwisha pita. Mwezi uliofuata Yudith akashikwa na homa, sikuwa na akili ya nguruwe. Ndipo watu wakaanza kusema Masizi amezeeka, hazai tena, anakula bure.

Na madume ya kienyeji huku yamekwisha. Watu sasa wanataka wale weupe wenye masikio ya kuanguka, wanaotoka kwenye mashamba ya wazungu. Wanakua upesi, sikatai. Jirani yetu analo dume la namna hiyo, kubwa kama kitanda, na Anyitike alisema tumpeleke hapo, ni karibu. Lakini mwaka jana dume hilo lilimvunja kiuno jike mdogo mweusi wa watu. Nikakataa. Nikakumbuka kuwa mama Verediana, yule mjane wa Uyole aliyekuwa rafiki wa mama wa kanisani, bado anafuga dume jeusi.

Jumatano ya tarehe saba Machi Masizi akaanza tena. Aliacha chakula, akasimama ametega masikio, ukimgusa mgongo hasogei. Anyitike alikuwa kazini tangu alfajiri. Sikumngoja. Nilimfunga Yudith mgongoni, nikamfunga Masizi kamba ya katani mguu wa nyuma, nikachukua fimbo na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, nikashika barabara ya Uyole.

Wewe hujapata kutembea na nguruwe barabarani. Mbuzi unamvuta. Nguruwe unamwomba. Ukivuta kushoto yeye kulia, ukisimama anakwenda, ukienda analala. Malori yalikuwa yanapita yanaturushia tope, na makondakta wananiita, "Mama, mpandishe mkweo tumpeleke!" Mimi nilitazama chini tu.

Tukafika mjini saa nne. Mbele ya duka la Mzee Alawi, anayeuza nguo na mafuta ya taa, kulikuwa na dimbwi la maji ya mvua. Masizi akaliona. Akaingia, akalala chali kidogo, kisha ubavu, akafumba macho. Hatua mbili tu kutoka mlango wa Mwislamu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilivuta kamba, nikapiga fimbo, nikasihi kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Kama jiwe.

Mzee Alawi akatoka na kofia yake, akasimama juu ya ngazi.

"Bibi, huyo mgeni wako anasubiri kupimwa kanzu?"

Nikasema, "Nisamehe mzee wangu, sikupenda, amenishinda."

"Nimekwisha kuona kuwa amekushinda. Mtaa mzima umeona." Kisha akageuka, akaita ndani, "Mwanahawa! Njoo utazame, leo tumepata mteja asiyelalamikia bei."

Mkewe Bi Mwanahawa akatokeza. Ananifahamu, huwa ananunua mchicha wangu. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Nikadhani atanifukuza, lakini aliona jasho langu na mtoto analia mgongoni. Akasema, "Maskini, wewe mwenyewe bado mtoto. Unakwenda naye wapi?"

Nikaona haya kumtaja dume mbele ya mzee. Nikasema, "Namtembeza kwa jamaa zake."

Mzee Alawi akasema, "Basi mwambie jamaa zake hawapo hapa. Mimi simchukii, lakini chai sinywi naye."

Bi Mwanahawa akaingia ndani, akarudi na beseni la maganda ya ndizi. Hakusogea karibu. Alisimama mbali kule pembeni mwa barabara, akayarusha moja moja, kila moja mbele zaidi ya lingine, mpaka ng'ambo ya duka la tatu. Masizi akafumbua jicho moja. Akanusa. Akanyanyuka, tope linamtiririka, akaanza kufuata maganda kama bibi arusi anayefuata njia iliyotandikwa kanga. Watu wakapiga makofi. Nami nikamfuata nyuma na kamba yangu, nacheka na kulia, sijui kipi kilikuwa kingi.

Tulifika Uyole saa kumi, miguu yangu imevimba. Mama Verediana alikuwa anapepeta ulezi. Hakunisalimu mimi kwanza. Aliinama akashika sikio la kushoto la Masizi, akaupapasa ule mkato mdogo ambao mama alikuwa anawakata wote wakiwa wachanga.

"Huyu ametoka kwenye mkono wa mama yenu," akasema. Kisha akaniuliza, "Wako?"

"Hapana mama, wa dada Tusekile. Mimi namtunzia tu."

"Tusekile yuko wapi?"

"Kitwe, kwa mumewe."

"Anarudi?"

Dada, nikasema ndiyo. Nilisema upesi, kabla hajamaliza kuuliza. Barua yako nilikuwa nayo hapa kifuani, imelowa jasho.

Hatukukaa kusemezana. Akafungua banda, Masizi akaingia mwenyewe bila fimbo, na sisi tukaenda kutazama ulezi. Nililala kwake, na asubuhi wakakutanishwa tena, ndivyo wanavyofanya wanaojua. Nilipoaga nikamwambia akizaa nitamletea kitoto kimoja, kama ilivyo desturi kwa mwenye dume. Akatikisa kichwa.

"Mimi kitoto sikipokei kwa mkono wa mtunzaji. Nakipokea kwa mkono wa mwenye nguruwe. Mama yenu alifanya hivyo na mimi miaka yote. Tusekile akija, aje nacho yeye."

Nikamshukuru, nikarudi njia ileile. Mjini nilipita uchochoroni nyuma ya maduka.

Nyumbani nilimkuta Anyitike ameketi kizingitini, hajala. Alikuwa amenitafuta mpaka mtoni. Alinifokea, na alikuwa na haki. Nilimwacha amalize. Halafu akatazama miguu yangu, akaenda kuteka maji mwenyewe, akayapasha moto. Akasema, "Kwa nguruwe, Damari? Nguruwe asiyekuwa hata wako?" Nikamwambia, "Sina dada mwingine."

Baba mdogo yeye hakukubali upesi. Alisema, "Kwenda kwa dume siyo kupata mimba." Ni kweli. Tukakubaliana hivi: siku ishirini na moja zikitimia, akitaka dume tena, basi hana kitu, na kisu kitafanya kazi yake. Asipotaka, ataachwa.

Dada, zile siku nilizijua kila moja. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikwenda bandani, nikamgusa mgongo. Siku ya kumi na tisa baba mdogo alikuja akanoa kisu kwetu, eti jiwe lake limevunjika. Siku ya ishirini Masizi aliacha viazi viwili kwenye gogo, na mimi sikula siku nzima. Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumatano. Nilimgusa mgongo asubuhi, akanisukuma kwa pua, akaondoka zake. Nikamgusa mchana, akaondoka. Jioni akaja baba mdogo mwenyewe, akamwegemea kwa kiganja kizima. Masizi akamkanyaga mguu. Tukangoja Alhamisi, tukangoja na Ijumaa Kuu. Hakuna kitu.

Ana mimba.

Jumamosi hakuchinjwa. Jana tumekula kuku wawili watu tisa, na baba mdogo alisema tangu azaliwe hajaona Pasaka ya namna hiyo. Kichwa cha kuku nilimpa yeye. Alikitazama muda mrefu.

Kwa hiyo nimekukaidi, dada yangu, na nimekusemea ahadi bila kukuuliza. Nilitaka kukuandikia kwamba amepatikana na mimba kwa bahati, lakini mama angejua, na wewe ungejua pia. Nilifanya kwa makusudi.

Sikubishii nyumba ya matofali. Nafurahi kuwa huteki tena maji kwa kichwa, na mgongo wako ulivyokuwa unauma. Sitaki uache mumeo wala shule ya watoto. Mimi mwenyewe nikiwekewa bomba uani nadhani nitalala nalo. Ila mama hayupo, baba hayupo, tumebaki wawili, na mimi siwezi kuwagawia watu nyama yako nikiwa nakupenda hivi.

Masizi atazaa mwisho wa Juni, wakati wa baridi. Nimekwisha kuanza kukausha nyasi juu ya dari. Vitoto vitaacha kunyonya mwisho wa Agosti, barabara ikiwa kavu na basi la Tunduma linapita bila kukwama. Njoo hapo, hata kwa siku saba. Shika kitoto kimoja, tutakwenda pamoja Uyole, umkabidhi mama Verediana kwa mkono wako. Mimi nitabeba viazi vya njiani.

Baada ya hapo, kisu kipo, kimenolewa vizuri, baba mdogo amekiacha hapa kwetu. Kama bado unataka Masizi achinjwe, utaniambia ukiwa umesimama naye bandani, anakunusa mikono kama anavyoninusa mimi. Ukilisema hapo, dada, nitabandika maji ya moto bila neno. Kwa barua siwezi.

Anyitike anakusalimu sana, anasema amekwisha kupoa. Baba mdogo Andendekisye anakusalimu, anauliza kama huko Kitwe kuna koti la saizi yake. Danieli anakusalimu, atarudi huko baada ya kuvuna. Wabusu Sedekia na mdogo wake mmoja mmoja, mwambie shemeji Saulo atunze vidole. Yudith hajui kusalimu, ila nimeuchovya mkono wake kwenye wino nikaubandika hapa chini, uuone.

Mungu aliyekufikisha huko salama akulinde na vumbi la mgodi, akuponye kifua, na akuonyeshe njia ya kwenu ungali na nguvu za kuitembea.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Damari.